Mkorogo wa kwenye kompyuta: jifunze GIMP, lakini usimchubue mtu



Ukipita Mwanjelwa pale Mbeya, au ukizunguka mitaa ya katikati ya mji wa Iringa, utaona picha kubwa zimebandikwa nje ya studio. Bibi harusi, mhitimu kavaa joho, mtoto wa kipaimara. Hebu simama uzitazame vizuri. Mara nyingi uso una rangi yake, shingo ina rangi yake, na mikono, ambayo fundi aliisahau, imebaki na rangi aliyopewa na mama yake.

Kila siku tunapiga kelele kuhusu mkorogo wa kupaka. Huu wa kwenye kompyuta hausemwi na mtu, na tunaulipia wenyewe!

Vijana wengi sasa wanataka kujifunza kuhariri picha. Wengine wana biashara ndogo, wengine wanasoma uandishi wa habari, wengine wanataka tu picha za send-off ya dada zipendeze. Ni jambo jema. Rai yangu kwao ni hii: kuhariri ni kuisaidia kamera ionyeshe kile ambacho jicho liliona. Ukishavuka hapo, unatengeneza mtu mwingine na kumbandika jina la mwenzio. Na kazi ya halali inafanyika vizuri kabisa kwa programu ya bure.

Programu yenyewe ni GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Walikuwa wanafunzi kama wewe. Mwezi Machi 2025 likatoka toleo la 3.0. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Najua utasema, "Mbona Photoshop ipo, jamaa wa mtaani ananiwekea kwa elfu chache?" Ndiyo, ipo. Lakini hiyo imevunjwa kufuli na mtu usiyemjua, na hujui ameongeza nini humo ndani. Kompyuta nyingi za studio zinazokufa kwa virusi zinaanzia hapo. GIMP leseni yake inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzio bila kuvunja sheria ya mtu. Faili lake lina mamia ya megabaiti, kwa hiyo usimalize bando lako peke yako. Mmoja aipakue kutoka gimp.org mahali penye intaneti nzuri, aiweke kwenye flashi, darasa zima lipate.

Haya, tuingie kazini. Kwa anayeanza, mambo sita yanatosha.

1. Usiguse picha halisi. Nakili kwanza, fanyia kazi nakala. Ukihifadhi kazi ndani ya GIMP inakuwa faili la XCF, ambalo linatunza matabaka yote ili kesho uendelee ulipoishia. Ukimaliza ndipo unatumia Export kupata JPEG ya kutuma. Ukiifungua JPEG, ukaigusa na kuihifadhi tena na tena, kila mara inapoteza ubora kidogo. Na ukimtumia mhariri au mteja picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, huenda akapokea ndogo isiyochapika.

2. Nyoosha na ukate. Kama umepiga mashamba ya chai ya Mufindi na upeo umeinama, msomaji ataona mlima pasipo na mlima. Nyoosha kwanza, kisha kata vitu vya pembeni visivyohusika. Kukata nako kuna dhamana yake. Ukimkata mtu aliyekuwa amesimama kwenye tukio, umeibadilisha habari.

3. Rekebisha mwanga. Ingia menyu ya Colors, kisha Levels. Utaona grafu yenye vilima, kama safu ya Uporoto ukiitazama kutoka mbali, na chini yake pembetatu tatu. Ya kushoto ni weusi, ya kulia ni weupe, ya katikati ni kati na kati. Buruta ya kushoto na ya kulia mpaka pale vilima vinapoanza. Ile ya katikati isogeze kidogo kushoto kama picha bado ina giza. Kwa picha nyingi, hapo umeshamaliza nusu ya kazi.

4. Nyuso zetu. Hapa ndipo penye kesi, tutulie kidogo.

Mbeya na Iringa ziko juu, na jua la saa saba mchana ni kali. Mtu mweusi aliyevaa shati jeupe na kofia, akipigwa picha saa hiyo, shati linawaka na uso unapotea gizani. Kamera imeshindwa kubeba vyote viwili. Fundi mvivu anachagua uso wote na kuupandisha mwanga mpaka mtu anakuwa rangi ya maandazi. Tumia njia nyingine: Colors, kisha Shadows-Highlights, pandisha Shadows kidogo kidogo. Hiyo inainua sehemu zenye kivuli na kuliacha shati. Macho yakishaonekana na umbo la pua na mashavu likarudi, acha hapo. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake, na ukizidisha mwanga mng'ao huo unageuka kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu.

Kipimo changu ni rahisi: mama yake akiiona picha aseme "huyu ni yeye" bila kuuliza.

Tatizo hili halikuanzia kwa mafundi wetu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Kodak zilipanga rangi za picha kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyokuja kuitwa kadi ya Shirley. Rangi yake ndiyo ikawa "ngozi ya kawaida", sisi wengine tukatoka kama vivuli vyenye meno. Siku hizi programu kadhaa za "urembo" kwenye simu zinakulainisha na kukung'arisha hata kabla hujaziomba. Sasa mtu wa Rungwe au Kilolo ana programu ya bure inayomtii kabisa. Kwa nini aitumie kurudia dharau ileile?

Na kuna upande wa pili. Mwezi Juni 1994 jarida la Time la Marekani lilimweka O.J. Simpson kwenye jalada na kuifanya picha yake ya polisi kuwa nyeusi zaidi ya ilivyokuwa. Newsweek walitumia picha hiyohiyo bila kuitia giza, zikakaa pamoja kwenye meza za magazeti, kila mtu akaona. Kumtia mtu giza aonekane mhalifu na kumtia weupe aonekane mrembo, zote zinatoka kwenye ugonjwa mmoja.

5. Rangi. Ndani ya Colors kuna Auto, na ndani yake White Balance. Inasaidia picha za ukumbini zilizojaa unjano wa taa. Lakini ukiitumia kwenye barabara ya vumbi jekundu, inaweza kuuondoa wekundu ikidhani ni kosa. Kompyuta haijui udongo wa Iringa, wewe unaujua. Ikikukosea, bonyeza Ctrl na Z urudi nyuma.

6. Kunoa picha kuwe mwisho, na kidogo. Ukinoa sana, kila kinyweleo kinasimama kama waya.

Nimeacha makusudi kifaa kinachoitwa Clone, kinachonakili sehemu moja ya picha na kuibandika kwingine. Kwenye picha ya harusi, kuondoa chupa ya soda iliyosahaulika mezani hakuna ubaya. Kwenye picha ya habari, usikiguse. Agosti 2006 mpiga picha aliyekuwa akiiuzia Reuters, Adnan Hajj, aliongeza moshi juu ya majengo ya Beirut kwa mbinu ya namna hiyo. Watu waligundua kwa sababu mawingu ya moshi yalifanana kama mapacha. Reuters wakaacha kufanya naye kazi na kuondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yao, zikiwemo ambazo hazikuwa na kasoro. Moshi ulikuwepo kweli, yeye aliuongeza tu. Kuongeza huko kukafuta kazi yote.

Hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja picha waziwazi: kuchapisha mtandaoni kitu unachojua ni cha uongo, kwa nia ya kupotosha umma, ni kosa. Watu wamezoea kudhani sheria hiyo inahusu maneno tu.

Najua fundi wa studio atanijibu kwamba wateja wenyewe wanaomba weupe. Ni kweli, wapo. Lakini mteja huomba kile alichozoea kukiona ukutani kwako. Jaribu kitu kimoja: chapisha picha mbili, moja uliyoichubua na moja uliyoirekebisha mwanga kwa utulivu, mpe achague. Halafu bandika nje ya studio ile yenye rangi yake halisi, kubwa, ya mtu mweusi aliyependeza. Watakaofuata wataiomba hiyo.

Programu haina gharama na mambo ni sita tu. Anza na picha ya mtu unayempenda, maana huyo utaona mara moja ukimkosea.