Wafupi na pikipiki: tuache kuangalia namba moja tu

Leo naweka programu kando nizungumzie pikipiki, ingawa mtaona kwamba mambo ni yale yale.

Mimi ni mfupi. Sentimita 160, na mguu kwa ndani, kutoka msamba hadi kisigino, ni sentimita 72. Nilipochoka na foleni za Thika Road niliamua kununua pikipiki. Kama mtu wa kompyuta, nilifanya nililozoea: nikafungua jedwali, nikaandika kila pikipiki na kimo cha kiti chake, nikazipanga kuanzia ya chini kabisa. Nikanunua moja ya zile za mwanzo wa orodha, kruza iliyokwisha tumika. Nyayo zote mbili ziligusa lami. Nikajiona mjanja.

Ujanja huo ulidumu wiki tatu. Jioni moja nilisimama mahali penye changarawe, kiatu kikateleza, pikipiki ikainama kidogo tu. Kidogo hicho kilitosha. Sikuweza kuirudisha, ikanilalia mguu, na vijana wawili wa bodaboda ndio walioiinua. Mfupa haukuvunjika, lakini pikipiki niliiuza kwa hasara, na akiba ya mwaka mzima ikaenda nayo.

Data yangu haikuwa na kosa. Swali ndilo lililokuwa na kosa. Mnakumbuka enzi zile watu walinunua kompyuta kwa kuangalia megahezi peke yake? Hatimaye Intel wenyewe, mwaka 2004, waliacha kuziita prosesa zao kwa kasi ya saa wakaanza kutumia namba za modeli. Kimo cha kiti ndicho megahezi yetu sisi wafupi.

Tazama mfano. Kiti cha Royal Enfield Meteor 350 kiko milimita 765 kutoka chini, na pikipiki yenyewe ina kilo 191. Honda CRF300L, ya njia mbovu, kiti chake kiko milimita 880, lakini uzito ni kilo 142 hivi. Karatasi inasema mfupi achukue ya kwanza bila kufikiri. Lakini karatasi haisemi kwamba kiti chembamba huruhusu miguu kushuka wima, ilhali kiti kipana huitanua na kukuibia sentimita kadhaa. Haisemi pia kwamba shokabsoba laini huzama ukikaa. Sisemi mtu wa kimo changu akimbilie ya milimita 880. Hata mimi siiwezi. Nasema tofauti halisi ni ndogo kuliko inavyoandikwa, na pikipiki ikishaanza kuanguka, kinachoamua ni uzito, si urefu wa mguu.

Kuna wanaokimbilia kwa fundi. Kupunguza sponji ya kiti sina ugomvi nako, mradi usibaki umekalia chuma. Kushusha shokabsoba ni jambo jingine: tumbo la pikipiki linakaribia matuta, na stendi ya pembeni sasa ni ndefu mno, hivyo pikipiki inasimama wima na upepo tu unaweza kuiangusha. Ni kama kubadilisha mstari mmoja wa programu na kuharibu kurasa tatu. Ukishusha, fupisha na stendi.

Tena, nani alisema lazima miguu yote miwili ifike chini? Mmoja unatosha. Telezesha kiuno upande, shusha mguu wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Ila kumbuka kwamba huku kwetu tunaendesha kushoto, na barabara nyingi huinamia ukingoni ili maji yatiririke. Mguu wako wa kushoto ndio unaotafuta ardhi iliyo mbali zaidi. Chagua pa kusimama kabla hujasimama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Nenda dukani na viatu utakavyovaa kila siku. Itoe pikipiki kwenye stendi mwenyewe, muuzaji asikusaidie. Isukume kinyumenyume ukiwa umeikalia. Iinamishe kidogo kila upande uone kama unairudisha. Ukishindwa na jambo moja kati ya hayo, ondoka, hata kama rangi imekuvutia.

Mimi sasa naendesha Boxer ya 150, ile ile ya wanabodaboda. Kiti chake kiko juu kuliko cha kruza yangu, nagusa chini kwa nusu ya wayo, na naisukuma popote peke yangu. Wenzangu kazini hunicheka kwamba nimeanza bodaboda. Wacheke. Pikipiki inayokufaa ni ile unayoweza kuisimamisha ukiwa peke yako, usiku, mvua ikinyesha.

Kila la heri barabarani, na helmeti isibaki nyumbani.