Mkonge na Plastiki Havishikani kwa Maneno

Wahenga walinena kuwa umoja ni nguvu. Mimi huukumbuka usemi huo kila nisikiapo ikipendekezwa kwamba taka za plastiki ziyeyushwe pamoja na nyuzi za mkonge, vijana wetu wapate kazi.

Wazo lenyewe ni jema. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, lakini chupa na madumu mabovu yangali yamezagaa. Mkonge nao humea katika nyanda kavu za Mbeere. Mkulima wa Karurumo, kando ya barabara iendayo Meru, angefurahi kupata nguzo ya ua isiyoliwa na mchwa.

Hata hivyo, vitu hivi viwili havipatani. Uzi wa mkonge hupenda maji ilhali plastiki huyakataa. Vikichanganywa kiholela, hukaa pamoja bila kushikana. Mzigo unapozidi, nyuzi huchomoka kama mizizi katika udongo uliolowa. Maji nayo hupenya kwenye nyufa, na nguzo huvunjika.

Dawa yake yajulikana. Nyuzi huoshwa kwa kostiki soda hafifu ili kuondoa nta na uchafu, zikasuuzwa na kukaushwa barabara. Kisha huongezwa kiasi kidogo cha plastiki iliyotiwa maleiki anhidridi. Hiyo ndiyo mshenga: upande mmoja huushika mkonge, upande wa pili hujisuka ndani ya plastiki. Joto nalo sharti lichungwe, kwani likipita nyuzijoto 200 hivi za Selsiasi, mkonge huanza kuharibika.

Je, nani atayapima haya yote? Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 huwabebesha watengenezaji wajibu juu ya taka za bidhaa zao. Naona ingefaa sehemu ya michango yao ikifikie Chuo Kikuu cha Embu pamoja na vyuo vya ufundi vya kaunti, zinunuliwe mashine za kuvuta na kupinda sampuli hadi zikatike.

Pasipo vipimo, mkulima atauziwa nguzo itakayomvunjikia baada ya misimu michache, naye kijana aliyeitengeneza atapoteza mteja na jina. Kwa hivyo, maabara itangulie, kiwanda kifuate.