Kijana anapopiga deiwaka studio

Juzi nilikwenda Misima kumwona wifi yangu. Tulikaa uani tunapukuchua mahindi, redio ya jirani iko juu kama kawaida ya pale, mara wifi akaangusha gunzi akanyoosha kidole. "Wifi, sikiliza hapo. Hilo gitaa ni la mwanao."

Nikasikiliza. Ni wimbo unaovuma sasa hivi; bila shaka na wewe umeusikia kwenye bodaboda. Unaanza na gitaa peke yake, sauti nyembamba inazunguka mara nne, ndipo mwimbaji anaingia. Ulipokwisha, mtangazaji akataja jina la mwimbaji na jina la prodyuza. La mtoto wetu halikutajwa.

Kijana huyo alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Kaka yangu aliuza magunia mawili ya mahindi kumnunulia gitaa, na maneno aliyoyasema siku ile hayaandikiki gazetini. Basi akaitwa Dar, akapiga saa mbili usiku kucha zikawa tano, akapewa elfu thelathini na soda. Nauli ya kutoka Korogwe alijilipia mwenyewe. Sasa wimbo unapigwa kila kona na yeye yuko chumba cha kupanga anakula kwa mkopo. Kaka amekwisha chukua fomu ya VETA, fani ya umeme, na anataka kijana arudi kabla mwezi haujaisha. Mama yake analia kwamba mtoto ameibiwa. Wakanigeukia mimi, eti naandika gazetini, niamue.

Pale uani nilijibu nusu. Nusu nyingine naiandika hapa, kwa sababu najua si wao tu.

Kwanza, mzazi mwenzangu, kumpigia mtu gitaa kwenye wimbo wake ukalipwa ukaondoka si aibu wala si wizi. Ni kazi. Wanamuziki wetu huiita deiwaka, kama ya kondakta anayeshika gari la mwenzake kwa siku moja. Na wakubwa wengi walipitia huko.

Chukua Nairobi ya miaka ya 1960. Palikuwa na studio ikiitwa Equator Sound, ya mfanyabiashara Charles Worrod. Studio ile ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, ikiongozwa na Fadhili William. Ndani yake walikuwamo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na vijana wawili waliotoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Leo Kabaka anaimba, wengine wanampigia. Kesho Pichen anaimba, Kabaka yuko nyuma. Mzee wako anayezikumbuka nyimbo zile za twisti anakumbuka jina la aliyeimba. Magitaa ya nyuma aliyasikia vilevile, na aliyacheza, ila hakuuliza ni ya nani.

Na shule ilikuwa pale. Mtu anayepiga nyimbo za watu kumi tofauti anajua kubadili mkono, anajua kunyamaza mwimbaji anapoimba, anajua kufika kwa wakati. Gabriel Omolo alitoka kwenye bendi ile akaunda yake, na miaka ya mwanzo ya 1970 akatoa "Lunch Time", wimbo wa wafanyakazi wa mjini na saa yao ya chakula, ukauzwa Afrika Mashariki yote. Hakuanzia hapo. Alianzia nyuma ya wenzake.

Kwa Wazungu ni hivyo hivyo. Jimmy Page, yule wa Led Zeppelin, alionekana kwenye televisheni ya BBC mwaka 1957 akiwa na miaka 13, gitaa mkononi. Mtangazaji akamuuliza akikua atafanya nini. Akajibu atafanya utafiti wa elimu ya viumbe. (Wifi alicheka sana hapo, wa kwake alituambia atakuwa daktari wa mifugo.) Tangu mwaka 1963 hivi Page akawa anazunguka studio za London akipiga kwenye nyimbo za wengine. Amepiga kwenye "Goldfinger" ya Shirley Bassey, mwaka 1964, na kwenye nyingine nyingi ambazo wanunuzi hawakujua kama yumo. Asubuhi studio hii, mchana ile, na kujifunza kusoma noti ilibidi. Led Zeppelin ilikuja mwaka 1968, akiwa ameshajua ndani ya studio kunaendaje.

Kwa hiyo elfu thelathini yenyewe sikuigombea sana. Ni ndogo, lakini alikubali.

Nilichouliza ni kitu kingine: ile sauti ya mwanzo, inayozunguka mara nne, ilitoka wapi? Alifundishwa na prodyuza au aliitoa kichwani mwake? Wifi akasema alikuwa akiipiga hapa hapa uani, chini ya mwembe, kabla hata ya kwenda Dar. Hapo ndipo nilipoacha mahindi.

Maana kupiga ni kitu kimoja na kutunga ni kingine. Ukikodishwa kupiga, unalipwa jasho lako la siku hiyo, na hata hapo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji, si mtunzi peke yake. Lakini ukiingia na kipande ulichokitunga, umeingia na mali. Ukiiacha mezani bila neno, kuja kuidai baadaye ni kazi. "Malaika", wimbo aliourekodi Fadhili William, umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, dunia nzima inaujua, na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga. Wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim. Wimbo mkubwa kiasi hicho!

Na kuna hatari ya upande wa pili, ya karatasi kuwepo na mtoto kuisaini bila kuisoma. Jimi Hendrix, kabla hajajulikana, alikuwa mpigaji wa nyuma wa akina Isley Brothers na Little Richard. Tarehe 15 Oktoba 1965, huko New York, alisaini mkataba wa miaka mitatu na kampuni ya Ed Chalpin. Alipewa dola 1, na ahadi ya asilimia 1 ya mauzo. Miaka miwili baadaye ni nyota, na Chalpin akaja na karatasi yake. Waliburuzana mahakamani, na katika kumalizana Hendrix alilazimika kutoa albamu nzima, "Band of Gypsys" ya mwaka 1970. Kwa saini ya dola moja.

Jioni tulimpigia kijana simu, tukaweka spika. Nilimwambia akitaka kuendelea, kabla hajachomeka gitaa waelewane: ni kiasi gani, nauli ya nani, jina lake litaandikwa wapi, na kama kuna kipande alichotunga yeye, kiandikwe hivyo. Mistari minne inatosha. Wasipotaka karatasi, awatumie WhatsApp na wajibu. Ni afadhali kuliko mdomo. Na aende COSOTA kuulizia usajili, mirabaha haimfuati mtu asiyejulikana yuko wapi. Kama wako hajafikisha miaka 18, usimwache asaini peke yake hata kidogo. Kuhusu ule wimbo wa redioni, arudi kwa prodyuza kwa heshima, aombe jina lake liongezwe. Pesa waizungumze baadaye.

Akasema, "Sawa shangazi, lakini wakinuna wataita mwingine." Ni kweli, wanaweza. Sikuwa na jibu la hapo.

Kaka alikuwa kimya muda wote, fomu ya VETA iko mfuko wa shati. Tulipodhani simu imekwisha akainama karibu na spika. "Alhamisi wamekuita tena?"

"Ndiyo, baba."

"Nauli watatoa?"

"Sijawauliza."

"Basi waulize kwanza. Halafu unipigie mimi, si mama yako."

Fomu hakuitoa mfukoni, wala hakuichana. Tarehe ya mwisho ni tarehe 30.