Fundi wa mashine za tatuu naye ana kiwanda

Makamanda, wiki hizi tumeshinda mitandaoni tukibishana nani kasema nini kwenye mkutano gani. Leo naomba tushuke kitaa kidogo. Nataka niongelee kazi ninayoifanya kila siku, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo serikali ya CCM imelikwepa miaka mingi, na sisi vijana wa upinzani hatujaliuliza kwa sauti ya kutosha.

Mimi natengeneza mashine za kuchorea tatuu. Sichori mtu, natengeneza mashine yenyewe. Chumba changu kiko Unga Limited, hapa Arusha, futi kumi kwa kumi na mbili, nyuma ya duka la vipuri vya bodaboda. Ndani kuna meza, jiliwa, tupa, drili, kifaa cha kulehemu, na ndoo tatu za vitu ambavyo mama mwenye nyumba anaviita takataka: mota za DVD zilizokufa, transfoma za redio, springi za kila aina. Kwa hizo takataka ndiyo ninamlipa kodi yake.

Wengi hawajui ndani ya mashine hii kuna nini, wanadhani ni maajabu ya Wachina. Kama umewahi kuiona ile kengele ya umeme ya kizamani ya shuleni, basi mashine ya tatuu umeshaiona. Kuna koili mbili za waya wa shaba zilizosukwa juu ya vipande vya chuma laini. Umeme ukipita, koili zinageuka sumaku na kuvuta chini kipande cha chuma kilichoshikiliwa na springi. Kipande kikishuka kinaachana na skrubu iliyokuwa inakipa umeme, sumaku inakufa, springi inakirudisha juu, kinagusa skrubu, mchezo unaanza upya. Zaidi ya mara 50 kwa sekunde moja! Sindano imefungwa kwenye kile kipande, ndiyo maana mashine inavuma kama nyigu.

Koili yenyewe chalii yeyote mwenye subira anaisuka kwa siku moja. Kazi iko kwenye springi. Ikiwa ngumu sana, sindano inapiga ngozi kama nyundo na mteja anatoka na kidonda. Ikiwa laini, wino unabaki juu, na ngozi ya juu ikijibandua baada ya wiki mbili mchoro unaondoka nayo. Sindano inatakiwa iingie kama milimita moja hadi mbili, isizidi hapo. Springi zangu nazikata kwenye misumeno ya chuma iliyochoka, halafu nazisugua kwenye jiwe hadi nifikie unene ninaoutaka. Nimesugua nyingi za kutupa kabla ya kupata ya kuuza. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo, na sidhani kama kuna chuo nchini chenye somo hilo.

Ukitaka kujua hii ni kazi ya watu wa aina gani, angalia ilikoanzia. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme. Ilikuwa kifaa cha ofisini: sindano inatoboa karatasi, wino unapitishwa kwenye vitobo, unapata nakala nyingi za barua. Haikudumu sana maofisini. Miaka 15 baadaye, Desemba 1891, mchora tatuu wa New York aitwaye Samuel O'Reilly akapata hataza ya mashine ya tatuu iliyotokana na wazo lilelile. Yaani mtu wa mtaani alichukua chombo cha wakubwa kilichoshindwa, akakipa kazi nyingine. Hivyo ndivyo machalii wa Chuga wanavyofanya na mota ya DVD. Tofauti ni kwamba O'Reilly alikuwa na ofisi ya kumwandikia hati yake, sisi tuna mgambo.

Sasa tuulizane: kwa mujibu wa serikali, mimi ni nani?

Mwaka 2018 vilikuja vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Sawa. Lakini kitambulisho kile kilimwona mtu anayenunua na kuuza. Upande wa pili kuna hotuba za viwanda, na hapo anayeonekana ni mwekezaji mwenye eneo la ekari kadhaa na mkanda wa kukata siku ya uzinduzi. Kila uchaguzi hapa Arusha tunaahidiwa General Tyre itafufuka. Nimeisikia ahadi hiyo tangu sijaota ndevu. Mtu aliyeko katikati, anayechukua chuma na waya na kutoa mashine, hana jina kwenye makaratasi. Niliwahi kujaza fomu ya mkopo kwenye halmashauri moja ya mkoa huu. Penye aina ya biashara nikaandika "utengenezaji wa mashine". Afisa akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika "ufundi mwingineo". Mwingineo! Ndiyo sekta yangu hiyo.

Na mkopo wenyewe mnaujua. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Tangu 2018 ni sheria, hivyo tusidanganyane kwamba ni hisani ya mtu. Mwaka 2023 serikali ikaisimamisha kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini kwa nini hazikurudi? Mimi jibu langu ni kikundi. Kijana anaambiwa bila kikundi hakuna fedha. Basi wanakusanyana muuza mitumba, dereva wa boda, dada wa saluni na fundi kama mimi, wanaandika katiba ya kikundi usiku mmoja, wanapiga picha ya pamoja. Fedha ikitoka wanagawana, kila mtu anarudi kwake. Hapo utamdai nani? Watu wenye ulemavu walisharuhusiwa kukopa mmoja mmoja, kwa hiyo inawezekana. Fundi anaweza kukopeshwa kifaa badala ya noti. Mpe drili ya mezani yenye namba ya usajili, akishindwa kulipa njoo uibebe.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mji huu una bahati ambayo miji mingi ya nchi hii haina. TEMDO iko hapa Arusha tangu 1980, kazi yake kusanifu mitambo. CAMARTEC iko hapa tangu 1981, kazi yake zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. SIDO ilianzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ukishuka Tengeru, chini ya Mlima Meru, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako alitoka Dk. Askwar Hilonga na chujio lake la maji lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Hongera kwake, lakini yeye alikuwa na shahada ya uzamivu. Mfano unaonigusa zaidi ni Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, aliyetengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Alishiriki kongamano la wabunifu la chuo cha MIT cha Marekani, na hapa nyumbani akawa mmoja wa walioanzisha Twende, karakana ambamo vijana wanajifunza kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Fundi baiskeli! Kwa nini mlango kama huo usiwe wa kodi yetu?

Ninachodai hakihitaji bajeti ya kutisha. Mashine za kukereza chuma zilizonunuliwa kwa fedha ya umma ziwe na siku ya umma. Jumamosi, kwa mfano. Getini pabandikwe bei ya saa moja, jina la fundi wa zamu, na masharti ya usalama. Kijana wa Unga Limited, wa Ngaramtoni au wa Usa River aje na kipande chake cha chuma, alipe, akereze, aondoke na risiti. Mashine ya kukereza ingenipunguzia kazi ya siku mbili ya tupa ikawa ya nusu saa, na fremu zangu zote zingelingana. Kwa tupa hazilingani hata ufanyeje. Siku za mgao wa umeme tulijifunza kuendesha mashine kwa betri ya pikipiki, baada ya jamaa mmoja pale Kijenge kubaki na nusu simba begani kwa siku nne. Lakini usahihi wa kukereza hauna betri yake.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimenifanya niandike. Afya.

Mashine ya tatuu inagusa damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye tone lililokauka ambalo hulioni kwa macho. Na Virusi vya Ukimwi navyo, wote tunajua. Mtaani kuna mashine zimeundwa kwa bomba la kalamu na sindano ya kushonea iliyofungwa kwa uzi. Bomba la plastiki huwezi kulitakasa kwa mvuke, litayeyuka au kupinda. Kwa hiyo anayechora analipangusa kwa spiriti, anamwita mteja mwingine. Mimi bomba na kishikio natengeneza kwa chuma kisichoshika kutu, kinachotoka na kuvumilia mvuke wa nyuzi 121 chini ya presha kwa dakika 15, kama vifaa vya hospitali. Sindano ni ya mtu mmoja, ikimaliza inatupwa kwenye kopo gumu. Kila anayenunua kwangu namweleza hivyo kabla hajatoa hela. Lakini nani anakagua maneno yangu? Hakuna. Nani anamkagua yule wa bomba la kalamu? Hakuna pia. Sokoni tunalingana, na yeye bei yake ni ndogo.

Kinyozi mwenye mkasi na mashine ya nywele anadaiwa leseni, na bwana afya anapita kumwangalia. Anayetoboa ngozi anaachwa ajifiche chumbani, kwa sababu kwa wakubwa tatuu ni uhuni na uhuni haupewi kanuni. Sasa huo ndio uongozi gani? Wateja wapo. Ni waongoza watalii, ni wagumu wanaobeba mizigo mlimani, ni mabinti wa chuo, ni mzungu aliyeshuka kutoka mita 4,562 za Mlima Meru na anataka umbo la kilele mkononi kabla ya ndege yake. Kukataa kuwaona hakujapunguza hata mmoja. Kumewapeleka tu kwa wa bei rahisi.

Najua kuna wenzetu ndani ya chama watakaosema, kamanda, hili litatukosesha kura za wazee. Mama yangu ni Mlutheri wa Meru, kwaya kila Jumapili, na tatuu hataki kuiona. Lakini nilipomweleza habari ya homa ya ini aliuliza swali moja tu: mbona hawawapimi hao wanaochora? Wazee wana akili kuliko wanasiasa wanaowasemea. Na tukitaka kuongea mila, Wabarabaig wana alama kuzunguka macho, Wamakonde walichanja nyuso zao kwa ustadi ambao mimi siufikii. Tatuu haikushuka na ndege KIA.

Halafu kuna lile sharti kwenye matangazo ya ajira za polisi: asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Sina ugomvi nalo leo. Nasema tu kwamba serikali inajua kuandika neno tatuu pale inapotaka kumfungia kijana mlango. Basi iliandike na kwenye kanuni za afya.

Kwa hiyo, makamanda wa Arusha Mjini, Arumeru Mashariki na Magharibi, nawapa kazi. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na diwani wa kata yako anaweza kupelekewa swali. Mpeleke maswali mawili kwa maandishi. La kwanza: katika fedha za vijana za asilimia nne, ni fundi wangapi waliokopeshwa vifaa, na vifaa gani? La pili: bwana afya wa kata ana maelekezo gani kuhusu wanaotoboa ngozi? Usikubali jibu la "tunalifanyia kazi". Omba tarehe. Na wale wenzetu mnaojiandaa kugombea udiwani, mjue maswali hayohayo tutawauliza ninyi kwenye kura za maoni.

Atakayejibiwa kwa maandishi anitafute, barua hiyo tutaichapisha hapahapa, iwe nzuri au mbaya. Jumamosi mimi niko karakana mpaka jioni, nina fremu sita za kupiga tupa.