Acheni Kuwalilia R.E.M. Warudi, Igeni Kwanza Walivyogawana Hela

Leo naenda moja kwa moja kwenye mada, maana kuna kelele zimenichosha.

Ikitajwa R.E.M. mitandaoni, hachelewi kutokea mtu wa kuwalilia warudi. Mwingine anadakia kwamba jamaa ni wazembe, wamekalia mamilioni ya dola ambayo wangeyachota kwa ziara moja tu. Wa tatu anamaliza kabisa: bendi yoyote ikivunjika, ujue kuna mtu alimla mwenzake hela, wanatuficha tu.

Hao wote watatu wanazungumzia bendi nyingine, sio hii. Na kinachoniuma ni kwamba wengi wao ni wasanii wachanga, watu wenye makundi yao, ambao wangepata somo la bure hapa kama wangeacha kulia na kuanza kusoma.

Kwa wadogo zangu mliowajua juzi tu kupitia The Bear, ile tamthilia ya jikoni iliyotumia wimbo wao "Strange Currencies" mwaka 2023, ngoja niwape historia kwa kifupi. Vijana wanne walikutana Athens, mji wa chuo kikuu kwenye jimbo la Georgia, Marekani. Michael Stipe aliimba, Peter Buck alishika gitaa, Mike Mills besi, Bill Berry dramu. Shoo yao ya kwanza ilikuwa tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya jengo lililokuwa kanisa zamani. Wakafunga duka tarehe 21 Septemba 2011. Hapo katikati kuna albamu 15 za studio na nafasi kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2007. Yaani miaka 31 kazini, halafu wakaagana bila bifu, bila kesi, bila mtu kumwanika mwenzake.

Sasa niulize: waliwezaje?

Mtaniambia kipaji. Hapana. Wenye vipaji tunao mpaka wanamwagika, na makundi yao hayamalizi hata albamu ya pili. Mtaniambia urafiki. Urafiki nao tumeushuhudia ukifa siku ya kwanza tu hela inapoingia. Mimi nasema kilichowashikilia ni kitu kikavu, cha kwenye karatasi: mgao.

Tangu mwanzo, nyimbo zao waliziandika kwa majina ya wote wanne. Berry, Buck, Mills, Stipe, kwa mpangilio wa alfabeti. Haijalishi nani alikuja na gitaa, nani alitunga mashairi, nani siku hiyo alikuwa anapiga miayo kwenye kona. Utunzi ni wa wanne, hela ya utunzi inakatwa vipande vinne sawa. Halafu wakaweka na sheria nyingine: kila mmoja ana kura ya turufu. Mmoja akisema hataki, kitu hakifanyiki, hata kama watatu wanataka.

Najua mshaanza kunuka hasira. "Kwani mwimbaji si ndiye anayejaza ukumbi? Iweje mpiga dramu achukue sawa na yeye?"

Haya, twende taratibu. Mnaujua "Everybody Hurts"? Wimbo wa mwaka 1992 ambao hata asiyeijua R.E.M. kashausikia kwenye redio ya usiku. Ule kwa sehemu kubwa ulitoka kwa Bill Berry, mpiga dramu. Mtu ambaye kwenye kundi la kwetu angekuwa anapewa nauli na soda, ndiye aliyeleta moja ya nyimbo zao kubwa kuliko zote. Na yeye akapata robo yake, Stipe robo yake, Buck na Mills robo zao. Kwenye "Losing My Religion" ya mwaka 1991, wimbo ulizaliwa Buck akiwa anajifunza kupiga mandolini. Anajifunza! Hapo tena, robo kwa kila mtu.

Unaona ilivyokuwa inazunguka? Leo unabeba wewe, kesho nabeba mimi. Kama kila wimbo ungekuwa wa aliyeuleta peke yake, kila mmoja angekuja studio na nyimbo zake mfukoni, anapigania ziingie kwenye albamu ili apate hela. Mazoezi yangegeuka mnada. Kwa mgao wao, wimbo bora ukishinda wote wameshinda, kwa hiyo hakuna sababu ya kulazimisha wimbo mbovu.

Piga hesabu ndogo. Tuseme wimbo umeingiza laki moja ya utunzi. Ukigawa sawa, kila mmoja ana elfu 25. Staa akichukua elfu 70, watatu wanabaki na elfu 10 kila mmoja. Staa kajiongezea elfu 45, sawa. Ila kanunua nini kwa hiyo elfu 45? Kanunua watu watatu wanaomchekea usoni huku wanatafuta mlango wa kutokea. Miaka miwili baadaye yuko peke yake, anahojiwa redioni, anasema "wale walikuwa na wivu."

Sitaji jina, mnajua sababu, timu zenu zina hasira za karibu. Ila hiyo staili tumeishi nayo mpaka imezoeleka. Vijana wanatoka mtaa mmoja, wanalala chumba kimoja, wanarekodi wimbo kwa pesa ya kuchangishana. Wimbo unapaa. Anatokea mtu mwenye gari zuri, anamnong'oneza mmoja wao kwamba wewe ndiye wimbo, hawa wengine ni mzigo. Wiki mbili baadaye kuna posti yenye mafumbo. Mwezi ukiisha kuna "natangaza rasmi kujitoa." Na sisi mashabiki, badala ya kuuliza jina la nani liliandikwa kwenye utunzi, tunagawana timu na kutukaniana mama zetu.

Kuna wanaosema R.E.M. waliweza kwa sababu walikuwa matajiri, mtu aliyeshiba hagombanii ugali. Huu ni uongo wa kalenda. Mgao waliuweka wakiwa hawana kitu, wanasafiri kwa gari la kubebea vyombo na kupiga kwenye vilabu vidogo. Albamu ya kwanza, Murmur, ilitoka 1983, na jarida la Rolling Stone likaichagua kuwa albamu ya mwaka, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa kila kona ya dunia. Sifa zilikuja, ila wimbo wao wa kwanza kuingia 10 bora za Marekani, "The One I Love", ulikuja 1987. Hesabu mwenyewe. Miaka saba, albamu tano. Leo mtu akipost wimbo Ijumaa, Jumatatu hajafika laki ya watazamaji, anaanza kulaumu ushirikina.

Ndiyo maana nawaambia mgao uandikwe wakati hakuna hela. Hela ikishaingia, kila mtu anakumbuka mchango wake na kusahau wa mwenzake. Hata ukiwa mwema kiasi gani.

Jambo la pili ambalo wanaowalilia warudi hawalioni: R.E.M. walijua kusema hapana. Out of Time, 1991, ilishika namba moja Marekani na Uingereza. Automatic for the People ikafuata 1992. Hizo ndizo albamu zilizowapa dunia. Nani anajua walifanya ziara ngapi kubwa kwa ajili ya hizo mbili? Hakuna. Walikuwa wamechoka na ziara ya 1989, wakakaa studio, wakatunga. Promota gani wa hapa mjini angekubali? Kwetu msanii akinyamaza miezi mitatu tu kashafulia, kalogwa, kaachwa na mfadhili.

Waliporudi barabarani 1995, miili ikawakumbusha. Tarehe 1 Machi, mjini Lausanne, Uswisi, Bill Berry alipatwa na tatizo la mshipa wa damu kwenye ubongo akiwa jukwaani. Akafanyiwa upasuaji, akapona. Ziara hiyo hiyo Mills akafanyiwa upasuaji wa tumbo, Stipe wa ngiri. Watu watatu kati ya wanne kwenye kisu, ndani ya ziara moja. Halafu wewe umekaa na bando lako unasema ni wazembe.

Na hapa ndipo palipo na sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1996 walisaini upya na Warner, mkataba ulioripotiwa kuwa wa kama dola milioni 80. Mwaka uliofuata Berry akasema anataka kuacha, aende akakae kwenye shamba lake. Fikiria hiyo habari ifike kwenye kundi unalolijua wewe, mkataba mkubwa wino haujakauka. Kesi ngapi? Vikao vingapi vya usuluhishi kwa mganga? Berry aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kutavunja bendi, basi haondoki. Wenzake wakamwachia aende na wakaendelea watatu. Mtu anaweza kusema maneno kama hayo pale tu ambapo hadai na hadaiwi.

Sasa niwape na wapinzani haki yao, nisije nikaonekana nimelipwa. Kuna wanaosema wangeacha hapo hapo 1997, kwamba zile albamu tano za baada ya Berry zilipungua ladha. Kuna ukweli. Around the Sun ya 2004 ni ndefu na imelala, na Peter Buck mwenyewe amewahi kuisema vibaya. Kwa bendi ya watu wanne waliogawana kila kitu, robo ikitoka pengo linasikika. Nakubali.

Lakini tazama walivyofanya baada ya hapo. Hawakutafutana uchawi. 2008 wakatoa Accelerate, fupi, kali, kasi. 2011 wakatoa Collapse into Now, mkataba ukawa umefika mwisho, wakakaa wakaulizana kama bado wana sababu ya kuendelea. Wakaona hapana, wakatangaza kwenye tovuti yao, wakaenda nyumbani. Hakukuwa na ziara ya kuaga yenye tiketi za bei ya kiwanja, wala ziara ya pili ya kuaga baada ya ile ya kwanza.

Juni 2024 wote wanne, na Berry akiwemo, walisimama pamoja kwenye hafla ya kuingizwa Songwriters Hall of Fame, wakapiga "Losing My Religion". Hafla ya watunzi, angalia hilo. Wakaingizwa wanne, kwa sababu karatasi zinasema wanne. Na walipoulizwa kwenye televisheni ni nini kitawarudisha, Mills akatania kwamba mpaka nyota yenye mkia itokee angani. Wakacheka. Watu wa umri ule, waliopitia hela ile, bado wanacheka meza moja. Mimi hiyo naiona kubwa kuliko ziara yoyote mnayowalilia.

Kama bado hujashawishika, chukua hii. Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti. Uingereza wasanii wakaandaa wimbo wa kuchangisha, wakauchagua "Everybody Hurts". R.E.M. wakaachia mirabaha yao yote, wimbo ukafika namba moja Uingereza. Kazi ambayo utunzi wake una ugomvi mahakamani huwezi kuiachia hivyo, maana hakuna anayejua ni ya nani. Wao ilikuwa ni ya wanne, na wanne walielewana.

Kwa hiyo, kwa wewe mwenye kundi lako sasa hivi, iwe la rock kwenye gereji ya mtu au la Bongo Fleva ghetto: utunzi na rekodi ni haki mbili tofauti, na hela ya shoo ni kitu cha tatu. Kila kimoja kina mgao wake. Kabla hamjatoka studio, andikeni majina na asilimia, kila mtu asaini, kila mtu abaki na nakala. Mkienda COSOTA kusajili, yaende majina yale yale yaliyo kwenye karatasi, sio ya yule mwenye laptop. Na meneja akiwaambia "hayo tutayaongea baadaye, ndugu zangu", jueni baadaye ni ya kwake.

Mgao sawa sio lazima kwa kila kundi. Kama mmoja wenu anatunga kweli kila kitu na wengine wanakubali, andikeni hivyo. Ninachokataa ni ule mtindo wa kupeana mikono, kuitana mwanangu, halafu baadaye kumalizana redioni.

Wanaolilia R.E.M. warudi, nawaomba mfute machozi. Albamu 15 zipo, sikilizeni. Na wewe mwenye kundi, kaeni wiki hii mkaandike mgao wenu, halafu rudi hapa kwenye maoni utuambie nani alinuna.