Tusiogope umri, tuogope jua la Magadi

Wenzangu wa klabu wanishawishi twende tukakimbie kilomita 42 kule Magadi, Kajiado. Majirani wauliza kama umri haujatupita. Mimi naona swali silo hilo.

Kenenisa Bekele wa Ethiopia alimaliza wa pili London, Aprili 2024, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15. Alikuwa na miaka 41, na hakuna aliyevuka 40 aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo. Bekele huyo huyo, Machi 2007, akiwa kijana wa miaka 24, aliacha mbio njiani hapa hapa Mombasa, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kilomita 12 tu, na joto letu likamshinda.

Magadi (ndiyo, jina ni la magadi yale yale tutiayo kwenye kunde) iko chini bondeni, na mchana joto hukaribia nyuzi 40. Upepo wa bahari hakuna, na kivuli ni cha kutafuta. Mtu wa makamo mwili huchelewa kupoa, na kiu huisikia maji yakiwa yamekwisha mpungua.

Rika letu twakaa njiani saa nne na zaidi. Tukianza saa mbili asubuhi, twamaliza adhuhuri. Basi tuswali alfajiri, tuondoke kabla jua halijachomoza, na maji yawepo kila kilomita 5. Mwandalizi akitaka tumngoje mgeni rasmi, mimi sikimbii. Ada yangu abaki nayo.