Wataalamu wa moyo washuke hadi Kabiria

MHUDUMU wa afya ya jamii anapobisha mlango katika ploti mojawapo mtaani Kabiria, eneo la Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi, huwa amebeba mkoba wenye mashine ndogo ya kupima shinikizo la damu. Mkoba huo ni zao la mpango uliozinduliwa na Rais William Ruto mnamo Septemba 2023, ambapo wahudumu wapatao 100,000 walitengewa vifaa kote nchini na kuahidiwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti.

Tuseme mashine imeonyesha 170 kwa 105. Mwenye nyumba ni seremala wa karakana za kando ya Ngong Road. Haumwi na kichwa wala kifua, na kesho ana makochi ya mteja ya kumaliza. Je, aambiwe nini? Ni nani aliyeamua kwamba mpaka wa hatari ni 140 kwa 90? Aanze dawa gani, na ataipata wapi?

Majibu ya maswali haya hutayarishwa mbali na Kabiria, katika kumbi za makongamano na ofisi za Wizara ya Afya. Humo ndimo ilimo nafasi ya Kenya Cardiac Society, chama cha kitaifa cha wataalamu wa maradhi ya moyo.

Ni vyema kuelewa kwanza kile ambacho chama hiki sicho. Hakitoi leseni kwa daktari wala hakimpokonyi. Hiyo ni kazi ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Hakiitishi migomo wala hakijadili mishahara; huo ni uwanja wa chama cha wafanyakazi, KMPDU. Kinachosalia mikononi mwake ni elimu na sauti.

Mtu anaweza kudhani hayo ni mambo madogo. Sivyo. Mnamo 2018 wizara ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kutibu maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na waraka kama huo hauandikiki bila wataalamu wa fani hiyo. Mwaka mmoja awali, shirika la Afrika la wataalamu wa moyo, PASCAR, lilikuwa limechapisha ramani ya hatua kumi, likilenga robo ya wenye shinikizo la damu barani wawe wamelidhibiti kufikia 2025. Miongoni mwa walioiandika alikuwa Profesa Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hivyo si kweli kwamba Kenya imekosa maarifa au watu wa kuyatoa.

Tatizo ni masafa kati ya maarifa hayo na yule seremala. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibaini kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Kampeni za upimaji zilizofuata, pamoja na mikoba ya wahudumu wa nyanjani, zimekusudiwa kupunguza idadi hiyo ya pili. Lakini kumpima mtu na kumwacha hapo ni sawa na kumwonyesha moto bila kumpa maji.

Mabingwa wa moyo wengi wako Nairobi na katika miji mingine michache mikubwa. Hata mkazi wa Kabiria, ambaye Hospitali Kuu ya Kenyatta iko safari moja ya matatu kutoka kwake, hamwoni bingwa ila mambo yakishaharibika. Anaowaona ni muuguzi na afisa wa kliniki wa kituo cha afya kilicho karibu, na akizidiwa, hospitali ya Mutuini au ya Mbagathi. Hao ndio watakaoutumia mwongozo, ama wauache kabatini. Chama kinachokutana kila mwaka kusomeana tafiti kinapaswa kujiuliza ni wangapi kati ya hao hualikwa, na ni nani huwafuata walipo.

Kisha kuna suala la lugha, na hapa mhariri wa habari ana lake la kusema. Sisi magazetini huandika "shinikizo la damu", nao wasomaji husema "presha". Tofauti si ya msamiati pekee. Kwa wengi presha ni hasira, ni madeni, ni mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo. Huja na kuondoka. Ndiyo maana mtu humeza dawa siku anayoumwa na kichwa, na kuiacha akituliza roho. Maradhi yenyewe hayaumi, na hiyo ndiyo hatari yake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, uliotiwa saini na mabingwa wenyewe, ungeweza kufanya kazi ambayo mihadhara mingi ya Kiingereza haijaifanya.

Hali ni hiyo hiyo kwa watoto. Kidonda cha koo kinachotokana na bakteria, kisipotibiwa, huweza kuzua homa ya baridi yabisi, nayo ikirudia-rudia hula vali za moyo. Ni maradhi ya msongamano, ya familia nzima kulala chumba kimoja, na mitaa kama hii inaujua msongamano. Penisilini, dawa ya zamani isiyo ghali, huyazuia. Mtoto aliyekwisha kuugua huhitaji sindano yake kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Akiikosa, mwisho wake huwa upasuaji. Wakazi wa Nairobi wamekimbia mbio za hisani za Hospitali ya Mater tangu miaka ya 1990 ili watoto kama hao wapasuliwe. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, kila fulana iliyonunuliwa kwa ajili ya mbio hizo ni ushahidi kwamba kuna sindano iliyokosekana mahali. Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu maradhi haya mnamo 2018. Maazimio hayajazi rafu za famasi.

Majirani wamechukua njia ya kujenga. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mwaka 2015, na Uganda ikaitungia sheria Taasisi yake ya Moyo mwaka 2016. Huenda Kenya nayo ikavutiwa na jengo la namna hiyo, na mabingwa watalipigania kwa haki. Lakini seremala wetu hahitaji jengo. Anahitaji vidonge vya kila siku, vilivyo miongoni mwa dawa za bei ya chini, visivyokatika.

Hapo ndipo sauti ya chama inapopimwa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, na sheria ikaweka hazina ya huduma za msingi ya kugharimia matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Wataalamu wana haki ya kuuliza hadharani ni siku ngapi kwa mwezi dawa za presha hukosekana katika vituo hivyo. Itawabidi pia wawe waangalifu na wafadhili wao, kwani kote duniani makongamano ya madaktari hutegemea kwa kiasi fulani fedha za kampuni za dawa, na si rahisi kumkemea anayekulipia ukumbi.

Takwimu za kuanzia zipo. Mhudumu wa Kabiria huingiza vipimo vyake kwenye simu aliyopewa na serikali, navyo huenda moja kwa moja wizarani. Chama kingeweza kuomba hesabu tatu tu kutoka mtaa huu mmoja: waliopimwa na kukutwa na tatizo, waliofika kituoni, na wale ambao bado wanameza dawa mwaka mmoja baadaye.